Maswali ya wasomaji: Kengele ya takwimu ilie lini?

Katika toleo hili nimekusanya barua zinazohusu jambo moja, nalo ni programu zinazofuatilia takwimu za biashara papo hapo, kama vile mauzo, malipo, oda zinazoachwa njiani na fedha zinazorejeshwa kwa wateja, kisha hupiga kengele zinapoona hali isiyo ya kawaida. Barua zilizofika ni nyingi na nyingine zimefanana sana, kwa hiyo nimechagua nane na kuzifupisha pale ilipobidi, na kila barua inafuatwa na jibu langu.

Mimi ni meneja wa mauzo katika kampuni inayouza bidhaa kwa njia ya mtandao. Kila asubuhi tunapokea ripoti ya siku iliyotangulia, na kwa miaka kadhaa imetutosha. Sasa mkurugenzi anataka mfumo unaotazama takwimu kila dakika. Je, kuna faida ya kweli, au tunaongeza gharama tu?

Kabla ya kununua chochote, kaeni pamoja mjibu swali hili: mkijulishwa saa nne usiku kwamba mambo yameharibika, badala ya kulijua hilo saa mbili asubuhi ya kesho yake, je, yuko mtu atakayefanya jambo lolote katika saa hizo kumi? Kama hayuko, kengele ya usiku itawanyima watu usingizi na hasara itabaki palepale. Kama yuko, na ana ruhusa ya kusimamisha tangazo, kurudisha toleo la zamani la programu au kuzima bei iliyokosewa, basi kila dakika mnayoiokoa ina thamani.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyofanya biashara ya hisa. Tarehe 1 Agosti 2012 iliingia sokoni ikiwa na programu mpya ambayo haikuwekwa katika seva moja kati ya nane. Seva hiyo moja iliamsha sehemu ya programu ya zamani ambayo ilikuwa haitumiki tena, na kwa muda wa dakika 45 hivi ikamwaga sokoni mamilioni ya oda ambazo hakuna aliyezikusudia, hata hasara ikapita dola milioni 440. Jambo linaloniuma zaidi limo katika uchunguzi uliofanywa baadaye na mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, kwamba kabla ya soko kufunguliwa asubuhi ile, mfumo wa kampuni yenyewe ulikuwa umekwisha kutuma baruapepe 97 zilizotaja kosa hilo. Baruapepe hizo hazikuundwa ziwe kengele, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuzisoma. Taarifa ilikuwapo, na ilifika mapema, lakini haikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msiuhamishe ufuatiliaji wote uwe wa dakika kwa dakika. Vipimo ambavyo mtu anaweza kuvirekebisha papo hapo, kama vile idadi ya malipo yanayokubaliwa na kukataliwa, bei zinazoonekana kwa mteja, na oda zinazokamilika zikilinganishwa na zilizoanzishwa, vifuatiliwe kila dakika. Faida ya mwezi, au idadi ya wateja wanaorudi kununua tena, haina haja ya kutazamwa hivyo, kwa kuwa hakuna uamuzi wa dakika unaoweza kuibadilisha.

Ninachambua takwimu katika kampuni ya huduma za malipo. Niliweka kanuni inayojulikana, kwamba kipimo kikitoka nje ya mikengeuko sanifu mitatu kutoka kwenye wastani, kengele ilie. Tuna vipimo 40, na kila kimoja husomwa mara moja kwa dakika. Kengele zinalia usiku kucha, na wenzangu sasa wamezizima kwenye simu zao. Nimekosea wapi?

Kanuni uliyoitumia ni nzuri. Kwa wasomaji wasioijua, mkengeuko sanifu ni kipimo cha namna namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake. Tatizo ni kwamba umeipeleka mahali ambapo haikuzaliwa. Mwezi wa Mei 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric nchini Marekani, alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro wa chati ya kudhibiti ubora, na mikengeuko mitatu ikawa mpaka wa chati hiyo. Aliichagua kwa sababu za kiuchumi, ili mafundi wasisimamishe mitambo kwa mabadiliko madogo ya bahati, na pia wasipitwe na kasoro za kweli. Hata hivyo, chati hiyo ilikuwa ya kiwanda, ambako sampuli huchukuliwa kwa vipindi na mtu huchora nukta kwa mkono wake.

Sasa tufanye hesabu ya mahali pako. Takwimu zikifuata mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, asilimia 99.73 ya vipimo huangukia ndani ya mikengeuko mitatu, na iliyobaki nje ni asilimia 0.27, yaani kipimo kimoja katika kila 370 hivi. Siku moja ina dakika 1,440. Kipimo kimoja kitakupigia kengele karibu mara nne kwa siku hata kama biashara yako haina kasoro yoyote, na vipimo 40 vitakupigia takriban kengele 155. Wenzako hawakuwa wavivu walipozizima. Walijifunza kwa uzoefu kile ambacho hesabu hii ingewaambia tangu siku ya kwanza, kwamba karibu kila kengele waliyoamkia haikuwa na kitu nyuma yake.

Na hiyo ni hesabu ya upole, kwa maana inachukulia kwamba takwimu zako zimetulia. Takwimu za biashara hazitulii. Zina mawimbi ya saa, ya siku za wiki, ya mwisho wa mwezi na ya sikukuu. Ukichukua wastani mmoja wa siku nzima, saa tisa usiku itaonekana kama msiba na saa sita mchana itaonekana kama muujiza, ilhali zote mbili ni maisha ya kila siku. Ilinganishe Jumatatu saa tatu asubuhi na Jumatatu nyingine za saa hiyohiyo katika wiki sita au nane zilizopita. Ukitaka njia iliyo laini zaidi, iko ile ya Holt na Winters, iliyoanza kuandikwa mwaka 1957 na kukamilishwa mwaka 1960, ambayo husasisha kiwango, mwelekeo na msimu kila kipimo kipya kinapoingia, huku ikiyapa mambo ya karibuni uzito kuliko ya zamani. Ni ya zamani, ni nyepesi kwa kompyuta, na bado sioni haya kuipendekeza mbele ya njia nyingi mpya.

Kuna kosa jingine ambalo huenda umelifanya bila kujua, kwa sababu halionekani mpaka uandike namba zenyewe. Tuseme malipo katika vipindi tisa ni haya: 52, 48, 50, 51, 49, 47, 53, 50, kisha ghafla 500. Mtoto angeona kwamba 500 ni ajabu. Sasa ipe kompyuta ihesabu. Wastani wa namba hizo tisa ni 100, na mkengeuko sanifu wa sampuli ni 150. Namba 500 iko mbali na wastani kwa 400, yaani mikengeuko 2.67 tu, na kengele haitalia. Wala si bahati mbaya ya namba hizi. Katika sampuli ya namba tisa zinazojihesabia wastani na mkengeuko wake zenyewe, hakuna namba, hata iwe milioni mia, inayoweza kuvuka mikengeuko 2.67, kwa kuwa kila inavyozidi kuwa kubwa inauvuta wastani kuelekea kwake na kuupanua mkengeuko ulio kipimo chake. Ni sawa na mshtakiwa kuketi kwenye kiti cha hakimu.

Dawa yake ni namba ya katikati. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, na ile inayoangukia katikati ni 50. Tafuta umbali wa kila namba kutoka 50, zipange tena umbali hizo, na ya katikati ni 2. Izidishe kwa 1.4826, ambacho ni kizidisho kinachoifanya ilingane na mkengeuko sanifu pale mtawanyo unapokuwa wa kawaida, nawe utapata karibu 3. Sasa 500 iko mbali kwa zaidi ya mara 150 ya kipimo hicho. Kengele italia na itakuwa na haki. Au, kama unapenda kubaki na wastani, basi usikiruhusu kipimo kipya kuingia katika hesabu ya kawaida kabla hakijapimwa, na ukikumbuka siku za hitilafu zilizopita, ziondoe kwenye historia, la sivyo mfumo utajifunza kwamba kuharibika ni sehemu ya kawaida.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Usipige kengele kwa dakika moja mbaya. Ngoja tatu kati ya tano zikubaliane, ukijua kwamba unalipa dakika chache za kuchelewa ili upate ukimya mwingi. Vipimo vinavyoanguka pamoja vikusanye katika ujumbe mmoja, maana hitilafu moja kwenye mlango wa malipo huweza kuangusha vipimo ishirini kwa mpigo, na ujumbe ishirini kwa hitilafu moja humchanganya anayeamka. Na chini ya kila kengele andika sentensi moja inayosema ni nani anaipokea na ataanza kwa kufanya nini. Ile usiyoweza kuiandikia sentensi hiyo, ifute leo. Kengele ni ahadi kwamba mtu atanyanyuka, na ahadi isiyo na mtu haifai kuwekwa kwenye simu ya mwenzako usiku.

Biashara yetu ni ndogo. Tunapata oda kama nne hivi katika kila dakika kumi. Mfumo tuliofungiwa hupiga kengele kila dakika kumi zinapopita bila oda hata moja, na kila mara tukikagua tunakuta tovuti ni nzima. Je, mfumo ni mbovu?

Mfumo si mbovu, ila umeambiwa uogope kitu kisichotisha. Wateja hawajui kwamba wengine wapo, kila mmoja huja kwa wakati wake, na matukio ya aina hiyo hufuata mtawanyo unaoitwa wa Poisson, kwa jina la mwanahisabati wa Kifaransa wa karne ya 19. Wastani ukiwa oda nne, uwezekano wa kukuta dakika kumi tupu ni karibu asilimia 1.8. Ni mdogo, lakini siku nzima ina vipindi 144 vya dakika kumi, kwa hiyo mkiwa na mwendo huo usiku na mchana mtaona vipindi vitupu viwili au vitatu kila siku bila kosa la mtu yeyote.

Ongezeni muda. Katika nusu saa mnatarajia oda 12, na uwezekano wa kupata nusu saa tupu kwa bahati ni kama mara sita katika milioni moja. Kengele ya nusu saa bila oda, basi, ni ya kuaminika kabisa. Kwa biashara ndogo hii ndiyo bei halisi ya ufuatiliaji wa papo hapo: huwezi kuwa na haraka kuliko wateja wako. Kama nusu saa ni ndefu mno kwenu, msiibane kanuni. Tafuteni kipimo kingine kilicho na matukio mengi zaidi, kama vile idadi ya watu wanaofungua ukurasa wa bidhaa, au bora zaidi, mtengeneze oda ya majaribio inayopita njia nzima kila baada ya dakika tano, ili mjue mlango uko wazi bila kumngoja mteja aje kuujaribu.

Angalizo hilo linahusu asilimia pia. Malipo mawili yakifika na moja likakataliwa, asilimia 50 imekataliwa, nayo ni namba ya kutisha isiyo na maana yoyote. Asilimia isipige kengele mpaka kwanza idadi iliyo chini yake ifike kiwango mlichokubaliana.

Mauzo yetu yalipungua kidogo kidogo kwa karibu miezi miwili, na mfumo wa kengele haukusema neno. Tuligundua kwenye hesabu za robo mwaka. Inakuwaje mfumo wa kisasa ushindwe kuona jambo kubwa kiasi hicho?

Kwa sababu haukuwa jambo kubwa siku yoyote. Mfumo unaotazama kila kipimo peke yake hukamata kinachoanguka, na hukipita kinachoteleza. Tena ule unaojifunza kila wiki hali ya kawaida unaweza kuteleza pamoja nanyi, kila wiki ukishusha matarajio yake kidogo, mpaka upungufu wote uonekane kuwa kawaida.

Njia inayofaa hapa inaitwa jumla limbikizi, iliyopendekezwa na E. S. Page wa Uingereza mwaka 1954. Kila siku unachukua tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata, unaondoa kiasi kidogo cha kuvumilia, na unakiongeza kwenye jumla ya siku zilizotangulia. Jumla ikishuka chini ya sifuri, unairudisha sifuri. Siku za kawaida hufutana, lakini upungufu mdogo unaorudi kila siku haufutiki, na jumla hupanda kama maji kwenye ndoo iliyo chini ya bomba linalodondoka. Tofauti ya nguvu ni kubwa. Wastani ukihama kwa mkengeuko mmoja tu, chati ya Shewhart hukawia kwa wastani vipimo 44 kabla ya kulalamika, ilhali jumla limbikizi iliyopangwa kwa viwango vinavyotumika sana, yaani uvumilivu wa nusu mkengeuko na kikomo cha mikengeuko mitano, hulalamika baada ya vipimo kama 10. Kwenu ninyi mnaosoma kwa siku, hiyo ni siku 10 badala ya mwezi na nusu.

Msiifanye kengele hii ya simu. Iwe ujumbe wa asubuhi. Na matarajio yake yapimwe dhidi ya bajeti au mwaka uliopita, si dhidi ya wiki iliyopita peke yake.

Mfumo wetu ulipiga kengele kwamba mauzo ya tawi moja yamefika sifuri. Tulipopiga simu, tawi lilikuwa limejaa wateja. Tumeshindwa kuamini tena namba zetu.

Sifuri na kutokuwapo si kitu kimoja, na mfumo wenu umevichanganya. Taarifa za tawi zilichelewa au zilikwama njiani, na programu ikajaza pengo kwa sifuri. Mwambieni fundi aweke kipimo kinachotangulia vyote, yaani umri wa taarifa ya mwisho iliyopokelewa kutoka kila tawi. Umri huo ukizidi kiwango, kengele za mauzo za tawi hilo zinyamaze, na ilie moja tu inayosema kwamba hatuna habari za tawi. Fahamuni pia kwamba dakika ya mwisho kwenye grafu karibu kila mara huonekana imeanguka, kwa kuwa taarifa zake hazijamaliza kufika. Hesabuni kwa muda ambao muamala ulifanyika, si muda ulioingia kwenye kompyuta ya makao makuu, na mngoje dakika mbili tatu kabla ya kuihukumu dakika yoyote.

Kampuni moja inatuuzia mfumo wa akili bandia inayojifunza yenyewe. Wanasema hatutahitaji kuweka kikomo chochote, na kwamba utakamata kila hitilafu. Mimi ni mhasibu mkuu, si mtaalamu wa kompyuta. Nitaujaribuje?

Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Unahitaji orodha ya matatizo yenu yenyewe. Kaa na wenzako mwandike kila tukio baya mnalolikumbuka katika mwaka mzima uliopita: siku malipo yalipokwama, siku bei ilipokosewa, siku oda zilipoandikwa mara mbili. Usiwape orodha hiyo. Wape takwimu za mwaka huo, mfumo wao uzipitie moja moja kwa mfuatano kana kwamba zinatokea leo, kisha uulize mambo matatu: ulikamata mangapi katika orodha yako, ulichelewa kwa muda gani, na ulipiga kengele ngapi ambazo hakuna mtu anayekumbuka kulikuwa na nini. Swali la tatu ndilo wauzaji wengi hawalitaji, nalo ndilo litakaloamua kama wafanyakazi wako watausikiliza mfumo huo mwezi wa tatu.

Kwa kuwa matukio mabaya huwa machache, ongeza ya kubuni. Chukua wiki iliyo nzuri, punguza malipo ya njia moja kwa asilimia 30 kwa saa mbili, ukaone kama mfumo utaona. Fanya hivyo kwa njia moja tu ukiacha jumla ilivyo, maana hapo ndipo mifumo mingi hupofuka: njia moja ikianguka na nyingine zikapanda, jumla hubaki tulivu huku wateja wa njia moja wakifukuzwa mlangoni.

Kuhusu ahadi kwamba hakuna kikomo, naomba uiangalie kwa makini. Kikomo kipo daima. Ama unakiona, ama kimefichwa. Chukua mfano wa njia inayotumika sana ya msitu wa kutenga, iliyochapishwa mwaka 2008. Hugawanya takwimu kwa mistari ya kubahatisha, na kile kinachotengwa kwa mistari michache huhesabiwa kuwa cha ajabu. Ni njia nzuri hasa pale vipimo vinapokuwa vingi na ajabu ikawa katika mchanganyiko wake, kwa mfano wateja wengi, mauzo mengi, lakini wastani wa oda ni mdogo isivyo kawaida. Hata hivyo inachotoa ni alama ya ugeni, na lazima mtu aamue ni alama gani inatosha kumwamsha mwenzake. Mtu huyo awe wenu, si wa muuzaji. Na dai kwamba kila kengele ije na maelezo ya ni kipimo gani, cha kundi gani la wateja, kilitarajiwa kuwa kiasi gani na kimekuwa kiasi gani. Kengele inayosema tu kwamba alama ni 0.87 haimsaidii mtu aliyeshtuka usingizini.

Ninafanya kazi kwenye kituo cha kupokea simu za wateja. Tangu mfumo wa kufuatilia papo hapo uletwe, kila mstari unaposhuka msimamizi anakuja kuuliza nani amezembea. Mara nyingi hatujui kwa nini umeshuka. Tumeanza kuuogopa ule mchoro ukutani. Naomba jina langu lisitajwe.

Halitatajwa, na ninakushukuru kwa kuandika, kwa kuwa hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wa mifumo hawaliulizi kabisa.

Kila kazi ina kupanda na kushuka kusiko na sababu moja. Mshuko ulio ndani ya mipaka ya kawaida hauna mhusika, na anayemtafuta mhusika wake atampata tu, kwa sababu daima kuna mtu aliyekuwa kazini. W. Edwards Deming, aliyeisambaza sana kazi ya Shewhart, alifundisha kwa miaka mingi kwamba kuingilia kila badiliko la bahati huufanya mfumo uyumbe zaidi. Aliuonyesha ukweli huo kwa kudondosha gololi kupitia faneli juu ya alama iliyo mezani. Aliyeiacha faneli palepale alipata mtawanyiko mdogo kuliko aliyeisogeza kila mara ili kufidia kosa la gololi iliyotangulia.

Mwambieni msimamizi, mkiwa wawili au watatu ili usisimame peke yako, kwamba mnaomba mipaka ichorwe kwenye mchoro ule ukutani. Ndani ya mipaka, asiulizwe mtu. Ikivukwa, swali la kwanza liwe kimebadilika nini: simu zimeongezeka, mtandao umelegea, bidhaa mpya imetoka na kasoro, maelekezo yamebadilika? Swali hilo lina faida kwake pia. Watu wakiogopa mchoro hujifunza kuulinda, wanakata simu ndefu mapema, wanafunga malalamiko ambayo hayajatatuliwa, na takwimu huanza kupendeza huku wateja wakiondoka. Siku hitilafu ya kweli itakapotokea, haitaonekana, kwa kuwa kila mtu atakuwa ameishajua namna ya kuuweka mstari mahali unapotakiwa.

Je, kuna haja ya kupiga kengele kipimo kinapokuwa kizuri kuliko kawaida? Bosi wangu anasema habari njema haziamshi mtu usiku.

Zisimwamshe mtu usiku, lakini zionekane asubuhi. Mauzo yanayopanda ghafla yanaweza kuwa wateja wa kweli, na yanaweza pia kuwa bei iliyokosewa sifuri moja, oda zinazoandikwa mara mbili, au mtu anayejaribu kadi za wizi kwa malipo madogo madogo. Mpaka wa juu una kazi sawa na wa chini.

Nililijifunza hili mahali nilipowahi kufanya kazi. Fedha zilizorejeshwa kwa wateja zilipungua mfululizo, kisha zikafika sifuri, na kwenye dashibodi mstari ule ulilala chini umenyooka, na kando yake rangi ilikuwa ya kijani, kwa sababu tulikuwa tumeuambia mfumo kwamba marejesho yakipungua ni vizuri. Tulipongezana kikaoni. Siku ya nne mwenzetu mmoja aliyekuwa akipitia barua za wateja aliona barua tatu zinazofanana, akafungua ukurasa wa maombi ya kurejeshewa fedha kwa simu yake mwenyewe, akajaza kila kitu, akabonyeza kitufe cha kutuma. Hakikufanya kitu. Toleo jipya la ukurasa lilikuwa limekiacha kitufe mahali pake bila kukiunganisha na chochote, na kwa siku hizo zote wateja walikuwa wakikibonyeza.

Jioni ile tuliondoa rangi ya kijani kwenye kipimo hicho, tukaweka mpaka wa chini, na kando yake tukaandika: ikivukwa, fungua ukurasa kwa simu ya kawaida ujaribu kutuma ombi.